Rili ya kwanza ya kuvulia ufukweni: usinunue kwa macho

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

KILA ifikapo mwezi wa Mei, baridi inapolegea na jua la Uingereza likaanza kuchelewa kuzama, suala moja hurudi katika simu na barua pepe za wenzetu tunaoishi nao huku ughaibuni: nimechoka kukaa ndani, nataka kwenda kuvua ufukweni, ninunue rili gani?

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Wengi wanaouliza wamezaliwa jirani na bahari. Wamekulia Malindi na Funguni, Wete na Mkoani, Mombasa na Lamu, Tanga na Bagamoyo. Wanajua chambo, wanajua bamvua na maji mafu, wanajua kumtoa samaki kwenye ndoana bila ya kuchomwa na miba. Lakini wakiingia kwenye duka la vifaa vya uvuvi la Kizungu wanakuta ukuta mzima umejaa vimashine vinavyong'ara, kimoja paundi 15, cha pembeni yake paundi 400, na kwa macho vyote vinafanana. Hapo ujuzi wa utotoni hukosa pa kushika.

Na fedha zenyewe ni za jasho. Mwenzetu anayesafisha maofisi alfajiri, anayeendesha basi usiku, au anayesubiri makaratasi yake huku akiishi kwa posho ya wiki, hana uwezo wa kununua rili tatu mbovu ndipo aijue iliyo nzuri. Kuna na la pili, zito zaidi ya fedha: rili isiyofaa, au inayofaa lakini imetumiwa vibaya, inaweza kumkata mtu kidole au kumpiga mtu mwengine risasi ya kichwa. Kwa hivyo leo tuyaseme yote kwa urefu, kwa faida ya anayenunua kwa mara ya mwanzo.

NI KITU GANI HASA

Rili ni kile kimashine kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, ambacho kazi yake ni kuhifadhi mshipi, kuuachia unapotupa na kuukunja unapovuta. Ufukweni hutumika aina mbili kubwa. Ya kwanza ni maltiplaya, ambayo bobini yake imelala kama pipa na huzunguka wakati mshipi unatoka. Mabingwa wa kutupa mbali wanaipenda, lakini ina ukali wake. Bobini ikizunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka, mshipi wote hujisokota humo humo na utakaa saa nzima gizani ukiufumua kwa kucha. Anayeanza aiwache kwanza.

Aina ya pili ndiyo tunayoizungumza, rili ya spiningi. Bobini yake inatazama mbele, kule iliko ncha ya fimbo, na wakati wa kutupa haizunguki hata kidogo. Mshipi unachomoka wenyewe kwenye ukingo wa bobini, duara baada ya duara.

Aliyekulia pwani ameshaiona kanuni hii mara nyingi bila ya kujua jina lake. Mtoto wa gatini anazungushia mshipi wake kwenye chupa au kopo tupu la maziwa. Mkono mmoja unashika kopo, mdomo wake umeelekezwa baharini. Mkono wa pili unazungusha chubwi mara mbili tatu na kuliachia. Mshipi unafyatuka kutoka kwenye kopo na kopo lenyewe limetulia. Rili ya spiningi ni kopo lile lile lililoongezwa gia, breki na mkono wa kuzungushia.

Wazungu nao walifika hapo kwa kutazama uzi. Alfred Holden Illingworth, mfanyabiashara wa sufi wa Bradford, kaskazini ya Uingereza, alipata hataza ya rili ya namna hii mwaka 1905. Katika viwanda vya nguo vya mji huo uzi ulikuwa ukichomoka kwenye ncha ya bobini iliyosimama, na yeye akaihamishia kanuni hiyo kwenye uvuvi. Baadaye wakaja Wafaransa wa Mitchell katika mji wa Cluses, eneo la mafundi wa saa. Wamarekani wa Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia mwaka 1932. Wajapani wa Daiwa, na wenzao wa Shimano, walioanza Sakai mwaka 1921 na wakapata jina mwanzo kwa vipuri vya baiskeli. Majina haya, pamoja na Okuma ya Taiwan, ndiyo utakayoyakuta madukani leo.

CHUMVI, MCHANGA NA UZITO

Rili nyingi zilizopangwa dukani zimetengenezwa kwa ajili ya mito na maziwa. Huko maji ni matamu, samaki wengi ni wepesi na chubwi ni la gramu chache. Ufukwe wa mawimbi ni jambo jengine kabisa.

Kwanza kuna chumvi. Huna haja ya kuitosa rili baharini ili iharibike. Mvuke wa mawimbi yanayovunjika unatosha kuingia ndani na kuanza kuzila beringi kimya kimya. Pili kuna mchanga, ambao ukishaingia kwenye grisi ya gia hugeuka kuwa msasa. Tatu kuna uzito. Kwenye fukwe za Uingereza zenye mkondo mkali watu hutupa chubwi la wakia 5 au 6, yaani gramu 140 mpaka 170 hivi, na mengi yana miguu ya waya inayojikita mchangani ili mkondo usiyachukue. Kila unapovuta, rili inabeba chubwi, samaki, majani ya bahari na nguvu ya wimbi linalorudi nyuma. Gia za plastiki za rili ya mtoni hazistahamili kazi hiyo kwa muda mrefu.

Namjua bwana mmoja wa Kimvita, yuko mashariki ya London, aliyenunua fimbo na rili yake kwa pamoja kwenye pakti moja kwa bei ya viatu vya mtoto. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili rili ikaanza kulia kama kinu kikavu. Ya tatu mkono ukagoma kuzunguka, na besi wake akiwa kwenye ndoana ilibidi amvute kwa mikono mitupu huku akirudi nyuma kwenye kokoto. Samaki alimpata, maana mshipi wa mkono ulikuwa ujuzi wake tangu mtoto, lakini rili iliishia kwenye pipa la taka.

KWANZA JIULIZE UNAKWENDA WAPI

Kabla ya kutaja jina la rili, taja pahala na samaki. Anayekwenda gatini au kwenye majabali wakati wa joto kutafuta vibua, au kumtafuta besi kwa chambo cha bandia, hahitaji dude zito. Fimbo ya futi 9 mpaka 11 na rili ya namba 4000 au 5000 inamtosha, na mkono hautachoka kwa kutupa na kuvuta mchana kutwa.

Anayekwenda kwenye ufukwe wa wazi, mfano Dungeness kule Kent au Chesil Beach kule Dorset, akaweka chambo chini na kusubiri, huyo anahitaji fimbo ya futi 12 au 13 na rili kubwa, namba 8000 mpaka 14000. Hapo ndipo anapotafutwa waitingi wakati wa baridi, taa na papa wadogo, samaki wa wayo, na yule samaki mnene mweupe anayeuzwa kwenye maduka ya chipsi.

Lakini tahadhari na namba hizo. Hakuna kipimo kimoja cha dunia. Namba 8000 ya kampuni moja inaweza kuwa sawa na 6000 ya nyengine. Kilicho cha kweli ni maandishi yaliyopo kwenye bobini au kwenye boksi, yanayoonesha unene wa mshipi kwa milimita na urefu wake kwa mita. Kwa ufukwe wa wazi tafuta bobini inayochukua si chini ya mita 250 za mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, ambao nguvu yake ni ratili 15 hivi.

Msomaji atauliza, mita 250 za nini ikiwa anayeanza hutupa mita 50 mpaka 80 tu? Jawabu lina sehemu mbili. Mshipi hukatika kwenye mawe, na kila ukikatika unapungua. Na bobini ikipungua mshipi, ukingo wake unakuwa juu na mshipi unausugua unapotoka, basi hutupi mbali tena. Bobini ijazwe mpaka ibakie milimita 1 au 2 chini ya ukingo. Ikizidi hapo, maduara yanamwagika kwa pamoja na kufanya fundo. Wala umbali usikutie wazimu. Besi hupenda kula pale pale wimbi linapovunjika, mara nyengine hatua ishirini tu kutoka ulipo mguu wako.

BOBINI NA UPINDE

Rili za ufukweni zilizo nzuri zina bobini ndefu, mdomo mpana na umbo la koni kidogo, nyembamba kwa mbele. Umbo hilo linaufanya mshipi utoke bila ya kusugua sana. Chagua bobini ya aluminiamu. Ya plastiki ikigonga jiwe ukingo wake unapata pengo, na pengo dogo kama ncha ya sindano linatosha kuukwaruza mshipi kila unapotupa. Zipo rili zinazouzwa na bobini ya akiba ndani ya boksi, na hilo ni jambo la kulipa paundi chache zaidi.

Kisha tazama upinde, ule waya wa chuma unaofunguliwa kabla ya kutupa na kufungwa baadaye. Hapa ndipo panapotenganisha rili ya bahari na ya kuchezea. Upinde ukijifunga wenyewe katikati ya mtupo, mshipi unasimama ghafla wakati chubwi liko kwenye mwendo wa kasi. Kinachofuata ni mshipi kukatika na kipande cha risasi cha gramu 150 kuruka bila ya mwenyewe. Ukiwa dukani fungua upinde, shika rili kwa nguvu na uitikise kama unayetupa. Ukijifunga, irudishe ukutani. Na ukishaimiliki jifunze kuufunga upinde kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha mpini. Chemchemi yake itadumu na mshipi hautalegea.

Mwisho wa upinde kuna kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupita juu yake. Kizungushe kwa kidole. Kinatakiwa kizunguke laini. Kikikwama mshipi unasuguliwa pahala pamoja na kujisokota.

BREKI

Breki ni kile kitasa cha kuzungusha kinachoamua samaki avute kwa nguvu gani ndipo bobini imwachie mshipi. Kuna rili zenye breki mbele, juu ya bobini, na nyengine nyuma. Kwa bahari chagua ya mbele. Washa zake ni kubwa zaidi, vipuri vyake ni vichache, na siku ya kusafisha unaifungua bila ya kuhitaji fundi.

Usibabaishwe na rili inayojisifu kuwa breki yake inahimili kilo 20. Mshipi wako wa ratili 15 utakatika zamani kabla ya kufika huko. Unachokitaka ni ulaini. Vuta mshipi kwa mkono, breki ikiwa imefungwa nusu, utazame kama unatoka kwa mfululizo au kwa kushtukashtuka. Unaoshtuka ndio unaokata mishipi. Samaki akiwa majini, breki iwekwe kwenye robo au thuluthi ya nguvu ya mshipi, kwa ratili 15 iwe ratili 4 au 5.

Na hapa pana jambo ambalo halina mzaha. Wakati wa kutupa kwa chubwi zito, breki ifungwe yote mpaka mwisho. Unapotupa unaushikilia mshipi kwa kidole cha shahada. Bobini ikiteleza kidogo tu, mshipi unapita kwenye kidole hicho kama wembe, na wapo waliofika hospitali kwa sababu hiyo. Vaa glavu au kifuniko cha ngozi cha kidole. Chubwi likishatua majini, legeza breki tena, la sivyo samaki mkubwa atakuvutia fimbo baharini.

BERINGI NA GIA

Wauzaji wanapenda kuandika idadi ya beringi kwa herufi kubwa: 10, 12, 14. Msomaji asidanganyike. Rili yenye beringi 4 nzuri, zisizoshika kutu na zenye mipira ya kuzuia maji, itaizika yenye 12 rahisi. Kila beringi mbovu ni tundu jengine la kuingilia chumvi.

Kwenye gia utaona maandishi kama 4.5:1. Maana yake ukizungusha mpini mara moja, upinde unaizunguka bobini mara nne na nusu. Kwa ufukwe, baina ya 4 na 5 ni wastani mzuri. Rili kubwa ya kiasi hicho hukunja karibu mita nzima kwa zungusho moja, ambayo inatosha kulinyanyua chubwi juu ya mawe lisije likanasa. Gia za kasi zaidi ya hapo zinakuwa nzito mkononi pale wimbi linapovuta upande wa pili.

Kisha shika mpini uutikise. Usichezecheze. Uzungushe mbele kisha ujaribu kuurudisha nyuma: unatakiwa ukatae pale pale. Tazama na kiwiliwili. Kinachofaa ni cha chuma chepesi au plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kaboni. Minya baina ya mguu wa rili na bobini. Ikipinda dukani, baharini itapinda zaidi na gia zitakosana. Ifunge kwenye fimbo kama muuzaji anaruhusu, maana rili ya gramu 700 kwenye fimbo nyepesi ni adhabu ya bega.

MSHIPI WA KUTIA

Mshipi wa kusukwa ni mwembamba, una nguvu na unahisi hata kaa akigusa chambo. Lakini unakata vidole, unajifunga mafundo kwenye upepo na ni ghali. Anayeanza atie nailoni ya ratili 15 au 18. Akiharibu, atatoa mita 30 na kuendelea bila ya kulia.

Nailoni hiyo pekee haiwezi kulitupa chubwi la wakia 5 kwa nguvu zote. Lazima mbele yake ufunge kipande cha mshipi mnene wa kinga. Kanuni inayofuatwa na wavuvi wa hapa ni ratili 10 za nguvu kwa kila wakia 1 ya chubwi. Wakia 5 zinataka ratili 50, na wengi huweka 60 kwa usalama. Urefu wake uwe mara mbili ya fimbo na uzidi kidogo ili uzungukwe kwenye bobini mara kadhaa, kwa fimbo ya futi 13 ni mita 9 au 10. Asiyefunga kinga hii anahatarisha watu walio nyuma na pembeni yake. Chubwi lililokatika ni risasi kwa maana zote mbili, na fukwe za Uingereza wakati wa joto zimejaa watoto na mbwa.

BEI GANI

Kwa rili ya ufukweni mpya ya kampuni inayojulikana, jipange kwa paundi 50 mpaka 90. Chini ya hapo vipo vinavyofaa kwa kazi nyepesi ya vibua, lakini ni bahati nasibu. Juu ya paundi 120 unaanza kulipia wepesi na ulaini ambao anayeanza hatautambua. Kama una paundi 120 kwa kila kitu, gawa: rili 60, fimbo 40, na 20 zilizobaki za mshipi, ndoana na machubwi. Usitumie zote kwenye rili kisha ukatia mshipi wa kuokota.

Wenye subira watazame vitu vilivyotumika, hasa masoko ya Jumapili ambapo watu huuza vya nyumbani kwao kutoka nyuma ya gari. Rili za chuma za zamani bado zinapatikana huko, na nyingi ni nzito lakini za kudumu. Kagua kwanza. Zungusha mpini karibu na sikio: mlio wa kusaga ni mchanga au kutu. Toa bobini utazame mhimili wake. Unga mweupe au wa kijani chini yake ni chumvi iliyokwishaanza kula. Pitisha kucha kwenye ukingo wa bobini kutafuta pengo. Skrubu zilizochubuka vichwa maana yake ilifunguliwa na asiyejua.

UKIFIKA NYUMBANI NAYO

Rili ya paundi 60 inayooshwa itaishi kuliko ya paundi 300 isiyooshwa. Kila ukirudi baharini, funga breki ili maji yasiingie kwenye washa, kisha imwagie maji matamu baridi kwa utaratibu, kama mvua ndogo. Usiitose kwenye ndoo na usiipige kwa mpira wa maji wa nguvu, kwani maji yataisukuma chumvi ndani. Ipanguse, iwache ikauke kwenye hewa, kisha legeza breki kabla ya kuihifadhi ili washa zisigandamane. Tone moja la mafuta kwenye kile kigurudumu cha upinde na kwenye kifundo cha mpini. Grisi ya gia ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Na usiiweke chini kwenye mchanga hata kwa dakika moja. Beba kijiti cha kuegemezea fimbo.

Jengine linaloharibu mishipi ya wengi ni kuendelea kuzungusha mpini huku samaki anavuta na breki inalia. Kila zungusho hapo halikunji kitu, linausokota mshipi tu. Samaki akivuta, muwache. Akipumzika, inua fimbo, kisha kunja unapoishusha.

KWA WALIOKO NYUMBANI NA GHUBA

Wengi wetu tunatumwa: kaka, ukija niletee rili. Zawadi nzuri, lakini ifikirie. Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, wimbi huvunjika mbali kwenye mwamba, na maji yakipwa ufukwe unabaki mtupu masafa marefu. Huko kutupa mbali hakusaidii kama kujua wakati wa maji kujaa na mlango wa mwamba ulipo. Joto nalo huongeza kasi ya kutu, na duka la vipuri haliko karibu. Kwa hivyo anayepeleka nyumbani achague rili ya chuma, yenye vipuri vichache, atie kwenye boksi bobini ya pili, chupa ya mafuta, kopo la grisi na bisibisi yake. Bila ya hivyo rili ya kisasa itageuka pambo la kabati msimu wa kwanza tu.

Wenzetu wa Oman, hasa wanaovua upande wa Dhofar, wana samaki wenye nguvu kuliko wa huku, kolekole miongoni mwao. Huko mshipi mnene, rili kubwa na breki imara ni lazima, na wakati wa khareef, Juni mpaka Septemba, bahari ya upande huo si ya kusogelewa na mgeni.

SHERIA NA USALAMA

Kwa England na Wales, kuvua samaki wa bahari kwa fimbo kutoka ufukweni hakuhitaji leseni. Leseni ni kwa samaki wa maji matamu, pamoja na samoni na trauti. Lakini magati mengi yana kibali chake na ada yake, likiwemo la Southend lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2. Kuna vipimo vya samaki pia: besi asiyefika sentimita 42 arudishwe majini, na idadi na miezi ya kumchukua hubadilishwa mara kwa mara, basi angalia tangazo la serikali kabla ya kutoka. Na unachovua kwa starehe ni cha kula wewe na jamaa zako. Kukiuza, hata kwa jirani au mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa, ni kosa, na mwenye makaratasi yasiyokamilika ndiye wa mwisho anayepaswa kujiingiza humo.

Mkumbuke na maji yenyewe. Kwetu Unguja bamvua hupanda karibu mita 4. Kwenye mlango wa Bristol hupanda zaidi ya mita 12, na yanakuja kwa kasi ya kumfungia mtu njia ya kurudi. Chesil ina kokoto zinazoporomoka mwinuko mkali, na wimbi lake limewachukua watu waliokuwa wamesimama nchi kavu. Usiende peke yako usiku, mwachie mtu wa nyumbani jina la ufukwe unaokwenda, na likitokea la kutokea piga 999 uulize walinzi wa pwani.

Kwa safari ya kwanza, chukua rili yako mpya, funga chubwi peke yake bila ya ndoana, utafute ufukwe usio na watu maji yakiwa yamepwa, ujifunze kutupa kwa nusu ya nguvu zako. Tazama nyuma kila mara kabla ya kutupa. Fanya hivyo saa moja au mbili. Ukiona mshipi unatoka bila ya kukwama na chubwi linatua pale ulipolielekeza, funga ndoana, weka chambo, na ungoje maji yaanze kujaa.